Mama Mkwe na Mashine Isiyoficha

Wazazi wangu, na ninyi vijana wenzangu mliojibana kule nyuma, somo la leo limeshasomwa na sitalirudia. Nitawapa mfano tu. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asije akanishika mlangoni kuniuliza ni familia ya nani.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, karibu na shule. Ndani kompyuta moja na printa moja, nje benchi la wateja. Kompyuta ile ndiyo iliyomlisha tangu alipofiwa na mumewe, na ndiyo iliyomsomesha mtoto wake wa pekee, wa kiume. Ikilala ile, nyumba nzima inalala njaa.

Sasa kila kompyuta ina programu moja kubwa inayoiamsha asubuhi na kuzigawia kazi programu nyingine zote. Mafundi huiita mfumo endeshi. Mama alikuwa na ule wa kulipia, unaojulikana na kila mtu, ila nakala yake aliletewa na fundi mmoja kwenye flashi, na fundi akamwapia kuwa ni orijino. Mashine ikianza kuzubaa, fundi anaitwa. Anaufuta mfumo, anaupiga upya, anakunywa soda, analipwa, anaondoka. Kioo kinabaki safi, na picha ya maua katikati. Mama akiyaona yale maua moyo unatulia.

Lakini wateja walikuwa wanapungua. Mwanafunzi anachapisha kazi yake, akifika nyumbani flashi haifunguki. Katibu wa kikundi cha akina mama anaandikisha katiba ya kikundi, kesho yake imegeuka alama zisizosomeka. Watu wakaanza kusema duka lile lina mkosi, wakawa wanavuka barabara kwenda kwa mwingine.

Mama naye akaanza kujiuliza ni nani anayemfanyia hivi. Akamshuku jirani wa ng'ambo ya barabara. Akamshuku mteja mmoja anayekuja kukaa kwenye benchi na hachapishi kitu. Akanyunyizia maji ya maombi pembe zote za duka mpaka printa ikapata kutu. Fundi hakumshuku hata siku moja.

Ndipo mwanawe akaoa. Mkamwana aliwahi kufanya kazi kwenye duka la intaneti huko kwao, na alipoiona ile mashine inavyohangaika alitazama kwa muda, kisha akasema taratibu, kama inavyompasa mke mgeni:

"Mama, kuna mfumo mwingine. Ni wa bure. Umetengenezwa na watu wengi wa nchi nyingi, na namna ulivyotengenezwa imeachwa wazi, anayetaka anasoma, akiona kosa analirekebisha."

"Bure?" mama akauliza. "Na hao watu wanakula nini?"

"Wengine wanalipwa na makampuni yanayoutumia. Wengine wanaipenda tu kazi yenyewe."

"Huyo anayependa tu ndiye ninayemwogopa, mkwe wangu. Mwizi angalau najua anachokitaka."

Msimcheke. Wewe ungekubali? Mtu usiyemjua akubishie hodi, akuachie gunia la mchele, akwambie hadai kitu, utaupika jioni hiyohiyo? Utauchambua kwanza. Utamrushia kuku, kisha utakaa umtazame kuku.

Mama hakukubali mpaka siku ambayo mashine iligoma kabisa kuwaka na simu ya fundi haipatikani. Alikubali kama mtu anavyokubali kung'olewa jino. Mkamwana akaweka ule mfumo wa bure, na mama akaweka kigoda nyuma ya mgongo wake. Kila kidole kikishuka, anauliza hapo umebonyeza nini. Kile kijicho cha kamera kilicho juu ya kioo akakiziba kwa plasta ya kidonda. Na kadi ya kwanza ya harusi ilipotoka na mistari imehama, jina la bwana harusi limeangukia penye menyu, mama alifurahi waziwazi. Akasema hao wapenda kazi wake labda hawajawahi kualikwa harusini.

Mkamwana akairekebisha kadi. Wiki zikapita, na kazi za watu zikaacha kupotea. Wateja wakaanza kurudi mmojammoja. Je, mama alitulia? Hapana, wapendwa. Kitu ulichokishuku kikikutendea mema, shaka inanenepa. Akawa anajiuliza kinanivuta kwenda wapi hiki.

Kisha ikaja siku aliyokuwa akiiogopa. Mwalimu mkuu wa ile shule alileta flashi yenye mitihani ya muhula. Mkamwana akaichomeka, na badala ya kuita kazi moja kwa jina kama siku zote, akaifungua flashi nzima; pembeni ya mitihani vikatokea vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona mle dukani: mafaili yenye majina ya kuchanganya, herufi bila maana, na mengine yaliyojiita kwa majina ya mitihani yenyewe lakini mwishoni yana mkia wa herufi za ajabu.

Mwalimu akashtuka. Akasema kwenye kompyuta ya ofisini kwake vitu hivyo havimo, hajawahi kuviona. Mama akavuta droo, akatoa flashi yake ya duka, ile aliyohifadhi kazi za wateja miaka yote, akaichomeka kwa mkono wake mwenyewe. Imejaa. Mambo yaleyale, rundo kwa rundo.

Mwalimu aliondoka na mitihani yake bila kuichapisha. Mlango ulipofungwa, mama akamgeukia mkamwana, akamwambia amemwingiza mdudu dukani na sasa mdudu amezaa. Binti wa watu alijaribu kueleza. Aliomba kitu kimoja tu: waazime flashi ya mtu ambayo haijagusa mashine yao tangu mfumo ubadilishwe, waichomeke, watazame pamoja kama vitu vile vimo humo tangu zamani. Mama akaona hiyo ndiyo hila yenyewe, mdudu anatafuta pa kuhamia. Akasema neno ambalo kwetu mama mkwe akilisema halirudishwi kirahisi:

"Mwanangu, nenda kwenu ukapumzike."

Asubuhi yake mkamwana akapanda basi na begi moja. Mumewe alikuwa safarini kikazi, akapewa habari kwa simu, na habari aliyopewa ni ya upande mmoja.

Fundi akaitwa. Akaja na flashi yake, akaufuta mfumo wa bure, akaupiga ule wa zamani. Soda ikanywewa. Mama akachomeka flashi ya duka, akatazama. Kazi za wateja zinaonekana, na yale mambo hayapo, hata moja. Kioo safi. Maua katikati. Mama akainua mikono kumshukuru Mungu, kisha akamshukuru fundi kwa kumsafishia.

Fundi akacheka. Hakuwa na ubaya siku hiyo, alikuwa ameshiba tu.

"Mama, mimi sijasafisha kitu," akasema. "Yale madude bado yamo kwenye flashi yako. Mfumo huu hauyaonyeshi. Ule mwingine haufichi, ndiyo maana uliyaona."

"Yamo tangu lini?"

"Tangu zamani, kabla mwanao hajaoa. Ni virusi. Ndivyo vinavyokula kazi za wateja, na nikikupigia mfumo mpya ukachomeka flashi hiyo, vinarudi humu ndani tena."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniita nikwambie, mama. Uliniita kioo kiwe safi."

Akabeba mkoba wake akaenda. Mama akabaki mbele ya ile mashine. Kioo kilikuwa safi vilevile, na kwa mara ya kwanza kilimtisha.

Nawauliza ninyi mnaonisikiliza. Ni nani aliyeleta uchafu katika nyumba ile? Taa ikiwashwa chumbani ukaona vumbi, vumbi limeletwa na taa?

Nisieleweke vibaya. Sisemi tuache kushuku. Duniani humu kuna vya bure vyenye ndoano ndani, na mtu asiyechambua mchele atavunja jino. Mama hakukosea kuweka kigoda nyuma ya mgongo wa mkamwana. Alikosea kwa sababu kigoda hicho hakukiweka hata siku moja nyuma ya mgongo wa fundi. Aliyefanya kazi yake wazi, wa kusoma asome, alichunguzwa mpaka kidole. Aliyefanya kazi kwa siri alipewa soda. Kwa nini? Kwa sababu mmoja alimwonyesha asichotaka kuona, na mwingine alimwachia maua yake.

Na sisi je? Sisi tuliokaa humu na kanga zetu safi na mashati ya pasi?

Kijana akisimama kwenye mkutano wa usharika akisema jambo fulani haliendi sawa, tunasema kijana ameleta fitina. Jambo lilikuwepo kabla hajasimama. Mke akija na jicho limevimba, akitaja aliyempiga, tunamwambia asitoe mambo ya ndani. Aliyeyaweka ndani ni yeye? Binti akisema kuna mtu mzima anamsumbua njiani, mtu wa heshima, mtu wa kwenye benchi la mbele, swali letu la kwanza ni binti huyu anatafuta nini. Tunamchunguza yeye. Tunaangalia sketi yake, tunauliza rafiki zake, tunakumbuka alichelewa wapi mwaka juzi. Huyo mtu mzima hatumwekei kigoda. Halafu tunaita mtu wa maneno matamu atuombee, atupige upya, na Jumapili tunaonekana tena na maua katikati. Virusi vinaendelea kula.

Mungu tunayemwabudu anaona yaliyofichwa na yaliyo wazi vilevile. Kioo chetu safi hakimdanganyi. Kinatudanganya sisi, na kinawaumiza walio chini ya paa letu.

Sasa nimalize, na naomba mnivumilie maana mimi ni mdogo na mnaonisikiliza ni wazazi. Yumo mtu humu ndani leo anayekaa peke yake, amesogezwa kidogokidogo mpaka benchi la mwisho, kwa sababu siku moja alituonyesha kitu. Tunamjua. Mnajua ninayemsema, na kila mmoja wenu ana wa kwake nyumbani. Kabla ya sadaka kuanza, geuka umtafute kwa macho. Inuka, nenda ukakae karibu naye. Usimwambie umemsamehe, hajakukosea.

Mwombe akuonyeshe tena, na safari hii usifumbe macho.