Kwa Nini Treni Ishukayo Huivuta Ipandayo

Mtu akikuambia kwamba treni ya umeme ikishuka Mlima Ngwelu inashuka tu, kama jiwe lishukavyo, mwambie atulize masikio kwanza. Treni za zamani zilipiga ukelele zikishuka. Hii inavuma kwa sauti ya chini, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo, na kabla haijainamisha pua, dereva hupiga honi mara mbili, akangoja. Anangoja nini? Hapo ndipo penye kisa. Na wale wanaoamini kwamba kila jambo la maana limetoka kwa wakubwa wa ofisini, na wakae vizuri, maana hili halikutoka huko.

Zama za reli ya kwanza, vichwa vya treni vilikuwa vichoyo. Kichwa cha umeme kiliinua mkono wake wa chuma juu ya paa, kikagusa waya, kikanywa umeme wa bwawa, kikapanda. Kilipofika juu kiligeuka, na katika kushuka kote hakikurudisha hata tone. Kilibana magurudumu kwa breki, chuma kikasaga chuma, cheche zikarukia mashamba ya maharage, na mlima mzima ukasikia ule ukelele ambao watu waliuita Kilio. Breki ziliisha kama sabuni. Nguvu yote iliyotumika kuupanda mlima ikageuka harufu ya kuungua.

Kichwa cha dizeli nacho hakikuwa na afadhali. Kile hubeba mtambo wake wa kufua umeme tumboni, hivyo hakihitaji waya. Injini yake hunguruma, kila mtu akasema, ‘Sikia dizeli inavyovuta!’ Lakini dizeli haivuti. Dizeli inapiga kelele na kuzungusha mtambo. Mtambo unatoa umeme. Na zinazozungusha magurudumu ni mota, zimekaa kimya huko chini penye vumbi na grisi, hakuna anayezitaja. Mifano ya namna hiyo mnayo majumbani mwenu. Tuendelee.

Kando ya reli hiyo palikuwa na njia ya miguu, kongwe kuliko reli. Njia hiyo ilipita kwenye jabali liitwalo Gotini, mahali ambapo goti la mpandaji hugusa kidevu. Juu ya jabali wanawake wa Ngwelu walikuwa wamelaza gogo la mti mgumu katikati ya mawe mawili, na juu ya gogo wakapitisha kamba nene ya katani. Mwanamke aliyeshuka na gunia la viazi alilifunga ncha hii. Aliyepanda na chumvi na mafuta ya taa akafunga mzigo wake ncha ile. Zito likishuka, jepesi lilipanda. Gogo lilikuwa limesuguliwa hadi linang'aa kama kisigino cha bibi harusi.

Kamba hiyo ilikuwa na sheria moja: ashukaye hashuki bure. Hata uwe na haraka ya namna gani, ukifika juu unaita mara mbili, u-u! u-u!, kisha unangoja mwenzako aitike kutoka chini.

Basi ulikuja mwaka wa kiangazi kirefu. Maji ya bwawa yakapungua, umeme kwenye waya ukawa mwembamba. Treni ikawa inapanda na mabehewa sita, tena kwa kujikongoja, na Mkuu wa Njia, Bwana Mtangi, akapiga marufuku treni mbili kuwa mlimani kwa wakati mmoja. Ndipo wakubwa wa reli wakatoa neno: kabla ya mvua ya kwanza, mabehewa kumi na mawili yapande kwa mkupuo mmoja. Yasipopanda, reli zote kuanzia Gotini kwenda juu zing'olewe, zikatandikwe kwingine. Hawakusema mizigo ya watu wa juu itapandaje baada ya hapo. Hawakuwa na haja ya kusema. Kila mtu alijua mlima utarudi kwenye migongo ya nani.

Katika karakana ya Kwemboga, stesheni ya chini, alikuwapo fundi wa kusuka mota aitwaye Nakijwa. Alikuwa mwanamke pekee humo ndani. Kazi ya kusuka nyaya za shaba alipewa kwa sababu, walisema, vidole vyake ni vyembamba. Kwenye mikutano aliambiwa amimine chai kwa vidole hivyohivyo. Mama yake, Navoneiwa, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kamba ya Gotini. Alikuwa amebeba mizigo miaka thelathini, na magoti yake yalilia kila alipoinuka. Nakijwa aliyajua magoti hayo. Reli iking'olewa, zamu inayofuata ingekuwa ya magoti ya dada zake.

Sasa, Nakijwa alikuwa ameona jambo ambalo mafundi wote walikuwa wameliona na wakalipuuza. Mota ukiilisha umeme, inazunguka. Lakini ukiizungusha wewe kwa nguvu, haili tena, inatoa. Pale mezani kwake aliwahi kuzungusha mota kwa mkanda, taa iliyofungwa kwenye nyaya zake ikawaka. Wenzake walicheka, wakaona mchezo. Yeye alikaa akaitazama ile taa mpaka chai yao ikapoa.

Siku ya mkutano akasimama, birika mkononi. ‘Treni ikishuka,’ alisema, ‘mlima ndio unaozungusha mota. Kwa nini tunabana magurudumu? Tuziache mota zitoe umeme, tuurudishe kwenye waya. Na mota inayotoa umeme huwa nzito kuizungusha. Uzito huo ndio breki yetu.’

Bwana Mtangi alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. ‘Binti, umeme si uji, hauurudishi chunguni.’

Karakana ikaangua kicheko.

‘Uji ndio haurudi, mzee,’ Nakijwa akajibu. ‘Hata huo, anayejua ni anayepika.’

Aliyeacha kucheka kwanza alikuwa Mzee Mbazi, dereva mkongwe, ambaye siku moja breki zilimwishia katikati ya mteremko na tangu hapo hakuwahi kumaliza sahani ya ugali asubuhi ya safari. Alisema kichwa anachoendesha ni chake mpaka atakapokikabidhi, na yeye anataka kujaribu. Nakijwa akafungua kabati la swichi, akabadilisha miunganisho, akafunga.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu, na sitalificha. Walishuka peke yao, kama marufuku ilivyotaka, hakuna treni nyingine mlimani. Mzee Mbazi alipogeuza mkono wa kuendeshea, treni ilijishika kidogo, kisha ikaachia ikaanza kukimbia, na huko Kwemboga taa zote za stesheni ziliwaka nyeupe kama jua, zikapasuka moja baada ya nyingine. Mzee Mbazi alirudi kwenye breki za zamani na Kilio kikasikika mpaka sokoni.

‘Karibu, Binti Taa!’ mafundi walimpokea. ‘Umetuletea giza lenye vigae!’ Bwana Mtangi hakumfokea. Alimwonyesha birika tu, na hilo lilimuuma kuliko kufokewa.

Nakijwa hakulishika. Alitoka, akapanda njia ya miguu mpaka Gotini, akamkuta mama yake anaipaka kamba nta. Akamweleza yote, kwa hasira, kwa mikono.

‘Na kule chini,’ Navoneiwa akauliza bila kuinua macho, ‘alikuwa ameshika nani?’

‘Ameshika nini, mama?’

‘Kamba, mwanangu. Unasema mmeshuka mkitoa. Mlikuwa mnampa nani?’

Nakijwa akashusha mikono.

‘Mimi mtu akifunga gunia lake upande huu, na upande ule hakuna kitu, gunia linaanguka na kamba inamchapa usoni. Sasa nyie mmechapwa, mnailaumu kamba.’ Akacheka, akashika goti. ‘Hamkuita. Hakuna aliyeitika. Mnashukaje?’

Njia ile hupandwa kwa saa tatu. Inasemekana Nakijwa aliishuka kwa moja.

Alipoingia karakana, mawingu ya mvua yalikuwa yamekaa juu ya Ngwelu. Hakuomba nafasi ya kusema. ‘Bwana Mtangi, umetuambia waya hautoshi treni mbili. Mimi nakwambia treni moja ndiyo isiyoutosha waya. Ile inayoshuka inahitaji wa kumpa. Inayopanda inahitaji wa kuipa. Umezitenganisha mwaka mzima, halafu unashangaa zote mbili zina shida.’

‘Ukikosea,’ Bwana Mtangi alisema, ‘nina treni mbili zilizoharibika mlimani.’

‘Mvua ikinyesha mnang'oa reli. Unaogopa niharibu nini?’

Bwana Mtangi alichukua kofia yake, akasema atapanda mwenyewe kwenye treni ya chini, ashuhudie.

Asubuhi ilipofika, treni ya chini iliondoka Kwemboga na mabehewa kumi na mawili: chumvi, saruji, mbolea, mabati ya shule. Dereva wake aliitwa Semvua. Na juu kabisa, stesheni ya Ndimbwe, Nakijwa na Mzee Mbazi walikuwa na mabehewa tisa ya viazi na kabichi, mazito hasa. Zilitakiwa kupishana kwenye njia mbili zilizo juu kidogo ya Gotini, na hakuna kwingine.

Semvua alifika chini ya Gotini na umeme ukamwishia. Mota ziliguna, mabehewa yakatetemeka, treni ikasimama. Bwana Mtangi alitazama mshale wa kipimo ukilala, akatazama mawingu. Hakuna aliyewahi kujua kama alikuwa anahuzunika au anajipongeza.

Ndipo kutoka juu, mbali, honi ikalia. Mara mbili.

Semvua hakuelewa. Lakini Navoneiwa alikuwa pale jabalini, na masikio yake yalikuwa yameusikia wito huo kwa miaka thelathini. Alisimama juu ya magoti yake mabovu, akaweka viganja mdomoni, akaitika: ‘U-u! U-u!’ Wanawake waliokuwa njiani na mizigo wakaitika naye. Wakamgeukia Semvua, wakampungia mikono: ‘Itika, wewe! Unaitwa!’ Semvua akavuta honi yake mara mbili.

Huko Ndimbwe, kichwa kiliinamisha pua. Mkono wa Mzee Mbazi ulikwenda wenyewe kwenye breki ya zamani, kama ulivyokwenda maisha yake yote.

‘Usibane, baba,’ Nakijwa alisema. ‘Toa.’

Mzee Mbazi alivuta pumzi, akageuza mkono wa kuendeshea. Mshale wa kipimo ulirudi sifuri, ukapita sifuri, ukaenda upande ambao hakuna dereva mwingine aliyewahi kuuona ukienda. Kilio hakikusikika. Badala yake mota zilivuma, chini kabisa, sauti ya mdomo uliofumbwa, na mabehewa tisa ya viazi yakajishika yenyewe, yakashuka kwa adabu kama wageni wanaoingia msibani.

Na kule Gotini, mshale mbele ya Bwana Mtangi ukainuka. Magurudumu yakauma reli. Behewa la kwanza likasogea, la pili likavutwa, la tatu, hadi la kumi na mbili, na treni nzima ikaanza kulipanda jabali mbele ya macho ya wanawake. Kila Mzee Mbazi aliposhuka, Semvua alipanda.

Navoneiwa alipiga mapaja. ‘Jamani! Hiyo si kamba yetu wanayotumia?’

‘Ni yetu!’ wenzake wakapokea. ‘Wameificha tu ndani ya waya!’ Vigelegele vilivyofuata vilifika Kwemboga kabla ya habari.

Treni zilipishana mahali palepale zilipotakiwa. Madirisha yalipokutana, Bwana Mtangi alivua kofia, na Nakijwa akamwambia, kwa upole uliozidi tusi, ‘Shikamoo, mzee. Chai iko Ndimbwe. Utajimiminia.’ Tone la kwanza la mvua lilianguka baada ya behewa la mwisho kufika juu. Wapo wanaosema mvua ilingoja. Sisi tunasema treni iliwahi.

Reli haikung'olewa. Nakijwa alikabidhiwa karakana nzima. Kichwa cha dizeli kilipoletwa kwake alikihurumia, kwa kuwa hakina waya wa kukiunganisha na mwenzake. Akakiwekea juu ya paa nyaya nene za kupokea umeme wa kushuka na kuupeperusha kama joto. Ndiyo maana hadi leo, dizeli ikiteremka, ukisimama darajani utaona hewa inacheza juu ya mgongo wake. Ni mtoaji asiye na wa kumpa, anaupa upepo.

Bwana Mtangi naye, siku alipostaafu, alishuka kwa miguu na sanduku lake kichwani. Alipofika Gotini alisimama. Hakuna aliyemwelekeza. Aliita mara mbili, akangoja.

Na tangu siku ile treni mbili zilipopishana, mwanafunzi wa udereva Ngwelu hafundishwi kwanza kuondosha treni. Anafundishwa kwanza kuita. Tangu siku hiyo treni ishukayo huvuma badala ya kulia, nayo ipandayo hupanda kwa nguvu ya mwenzake. Taa ya chumba chako ikiwaka ghafla kwa mng'ao zaidi, usitafute sababu mbali. Sikiliza mlimani. Kuna mtu ameita mara mbili, kuna mwingine ameitika, na viazi vinashuka kwenda sokoni vikiipandisha shule.

Ashukaye hashuki bure. Nani kasema? Wanawake wa kamba. Nendeni mkawaambie na wa ofisini.