Kafuri ya Mfalme Hamduni

Hadithi hii nimeipata kwa dada yangu, naye aliipata kwa wenzake wa kazini. Nimeisoma mara mbili nikaona si haki nikae nayo peke yangu. Kama umewahi kupotewa na kitu nyumbani ukamtazama mwenzako kwa jicho la pembeni, isome mpaka mwisho, kisha mpitishie na mwingine.

Palikuwa na mfalme aliyeitwa Hamduni, mtawala wa mji mmoja wenye joto jingi na visima vichache. Baba yake alifariki mwaka wa mafuriko, njia zote zilipokuwa zimekatika. Kafuri, ile dawa nyeupe yenye harufu kali ya kumtilia marehemu, haikupatikana mjini, akazikwa bila hiyo. Watu walimwambia mwanawe kwamba hapana ubaya, dharura ni dharura. Lakini Hamduni hakuisahau siku ile.

Basi mgeni mmoja alipomletea zawadi ya kafuri safi, bonge jeupe lenye ukubwa wa ngumi mbili, mfalme alifurahi kuliko kama angepewa farasi. Alisema kafuri hiyo ni ya siku ya maziko yake mwenyewe, na mtu asiiguse.

Akaiweka katika kijikasha cha mti, akakifunga kwa kufuli, na juu ya kufuli akapiga lakiri, nta yenye muhuri wake. Ufunguo akamkabidhi Bi Mize. Mama huyu ndiye aliyeshika funguo zote za nyumba ile kwa miaka ishirini na sita, tangu enzi za marehemu, na mikononi mwake hakikuwahi kupotea hata kijiko.

Miezi minne ikapita. Siku moja mfalme akatamani kuitazama kafuri yake, akauchukua ufunguo kwa Bi Mize. Aliikuta lakiri nzima, na kufuli imefungwa. Akafungua. Ndani palikuwa na bonge la ukubwa wa ngumi moja.

Alipitisha kidole kila pembe ya kasha. Hakukuta unga wala unyevu, wala dalili ya mchwa. Mti ulikuwa mkavu kabisa.

Akamwita Bi Mize.

"Nani amefungua kasha hili?"

"Hakuna, bwana wangu. Lakiri umeivunja wewe mwenyewe sasa hivi."

"Basi nusu ya kafuri yangu iko wapi?"

"Sijui."

Alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomponza. Mfalme alifikiri kwamba mtu aliyeshika funguo miaka yote hiyo hawezi kukosa kujua. Angalau angetaja panya, au angemtaja mwingine. Kule kusema "sijui" tu, kwa sauti ya chini, kulionekana kwake kuwa ni ujanja. Siku hiyohiyo alimnyang'anya funguo na kumtoa katika nyumba. Kisha akamtuma mpiga mbiu sokoni atangaze kwamba Bi Mize amevunja amana. Mama wa watu akafungasha kanga zake, akaenda kukaa kwa kaka yake upande wa pili wa mji.

Ufunguo akapewa askari mmoja, Shaibu, mtu mkali asiyecheka hovyo. Yeye aliambiwa asiondoke mbele ya kasha ila kwa kupokezana na ndugu yake. Baada ya miezi miwili mfalme akafungua tena, akakuta kafuri imebaki kama yai la kuku. Shaibu akaapa kwa msahafu, na ndugu yake akaapa. Wote wawili wakatiwa kifungoni.

Hapo mfalme akaamua kulinda mwenyewe. Kasha akalihamishia chumbani kwake, ufunguo akauvaa shingoni, na hata mkewe, Bi Rukia, akakatazwa kulisogelea. Kila Ijumaa baada ya sala aliipima kafuri kwa mizani.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa imepungua. Ijumaa ya pili ikapungua tena.

Akadhani mizani ni mbovu. Akachukua jiwe kutoka uani, akalipima wiki tatu mfululizo pamoja na kafuri. Jiwe halikubadilika. Kafuri ilizidi kuwa nyepesi.

Sasa mfalme akaingiwa na hofu ya kweli. Ufunguo ulikuwa kifuani pake. Mlango alikuwa akiukomea mwenyewe. Kama kuna mwizi, basi mwizi ni yeye. Akamuuliza mkewe kama yeye mfalme huwa anaamka usingizini na kutembea bila kujijua. Bi Rukia akamwambia analala kama gogo. Hakuridhika. Akaanza kujichunguza mikono kila asubuhi, akinusa vidole vyake kama mtu anayetafuta ushahidi dhidi ya nafsi yake. Akaitiwa sheikh, kasha likasomewa. Ijumaa iliyofuata kafuri ilikuwa imepungua vilevile. Chakula kikamshinda. Alipokaa kuhukumu kesi akapotewa na maneno katikati, maana kila mshtakiwa aliyesema "sijui" alimkumbusha jambo asilotaka kulikumbuka.

Bi Rukia ndiye aliyemfumbua macho. Alimwambia: "Umewauliza askari, umemuuliza sheikh, na mimi umeniuliza. Mbona hujamuuliza anayeishika kafuri kila siku?"

Alikuwa anamkusudia Bi Saumu, mwosha maiti. Kumwita mwosha katika nyumba ya watu wazima wa afya kulionekana jambo la mkosi, kwa hiyo mfalme alikwenda mwenyewe, asubuhi, kwa miguu. Alimkuta uani kwake anamenya muhogo. Akamweleza yote, na alipofika mahali pa kujinusa vidole, Bi Saumu akaweka kisu chini.

"Bwana wangu, ulipofungua kasha, harufu ilikupiga?"

"Sana. Hata mapazia ya chumba yananukia."

"Basi kafuri yako ilikuwa kwenye mapazia. Na nyingine umeivuta mwenyewe."

Mfalme hakuelewa. Bi Saumu akaingia ndani, akatoka na chupa yenye kizibo cha nta, akatoa humo kipande kidogo cha kafuri. Akakiweka kwenye sahani ya bati juu ya majivu ya moto, akakifunika kwa bakuli, na juu ya bakuli akaweka kitambaa kilichorowa maji baridi.

Walipokuwa wakisubiri alimweleza kwa maneno yake. Alisema kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, na chembe hizo hazitulii. Katika kitu kigumu zimebanana kama watu walio safuni, bega kwa bega, kila moja inatikisika lakini haiachi mahali pake. Kitu kikiwa majimaji, chembe zinapishana kama watu sokoni, ziko karibukaribu lakini zinatembea. Kikiwa hewa, zimetawanyika, kila moja na njia yake, hadi zijaze chumba kizima. Vitu vingi hutoka safuni vikapita sokoni kwanza, kama barafu inavyokuwa maji kabla ya kuwa mvuke. Kafuri haina subira hiyo. Chembe zake za juu hujibandua kwenye bonge na kuruka moja kwa moja hewani, hata bila moto, na kwenye joto ndiyo zaidi. Kasha la mti lina nyufa za kutosha kuzipitisha. Lakiri haizuii kitu kama hicho.

Kisha akafunua bakuli. Sahani ilikuwa tupu, kavu, haina hata tone. Lakini upande wa ndani wa bakuli, palipopoa, palikuwa pameota punje nyeupe zinazometa. Mfalme akazigusa, akanusa kidole. Ilikuwa kafuri.

Akamuuliza amejuaje mambo haya. Bi Saumu akajibu huku akirudi kwenye muhogo wake kwamba zamani naye alipotewa na kafuri vivyo hivyo, akamfukuza wifi yake kabla ya kuichunguza.

Mfalme aliporudi, kabla ya kuvua viatu, aliamuru Shaibu na ndugu yake wafunguliwe. Halafu akaenda na bakuli lile, aliloliazima kwa Bi Saumu, hadi nyumbani kwa kaka yake Bi Mize.

Alimkuta amekonda. Tangu mbiu ile ipigwe, majirani kila walipomwona waliingiza vyombo ndani, na hata mke wa kaka yake hakumwacha chumbani peke yake. Mfalme alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Badala yake Bi Mize alipiga magoti kabla hajaambiwa neno.

"Nisamehe, bwana wangu. Niliichukua."

Mfalme akaduwaa. "Uliichukua lini?"

"Sikumbuki. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki. Lakini ufunguo nilikuwa nao mimi, na kila mtu anasema ni mimi. Lazima ni mimi."

Mfalme Hamduni, ambaye wiki ileile alikuwa ananusa vidole vyake, aliketi chini kwenye udongo mbele yake. Akamwonyesha bakuli, akamweleza kama alivyoelezwa, mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Bi Mize alisikiliza kwa mashaka, kama mtu anayeogopa kurudishiwa kitu kisicho chake. Mara ya nne ndipo alipoanza kulia.

Siku ya soko mfalme hakumtuma mpiga mbiu. Alisimama mwenyewe kati ya wauza mboga, Bi Mize pembeni yake, akasema kwamba mama huyu hakuiba, wala Shaibu hakuiba, wala hapakuwa na mwizi. Watu walisikiliza habari za kafuri wakatikisa vichwa. Jambo lililowanyamazisha ni pale alipomaliza kwa kusema, "Nilimhukumu kwa sababu sikujua." Hapana aliyewahi kumsikia mfalme akilitamka neno hilo.

Funzo: Kutojua kwako si ushahidi wa kosa la mwenzako. Kabla hujauliza nani amekichukua, uliza kwanza kitu chenyewe kina tabia gani, maana mtu akiitwa mwizi na watu wote, hufika siku naye akaamini.