Leso Yenye Tundu

"Jicho liumalo halina mkwe." Neno hilo mmelisikia leo mkacheka, sasa mnataka kujua lilikozaliwa. Haya, tulieni niwaambie.

Palikuwa na mjane wa Kibukusu, Namalwa, aliyeshika heshima mpaka ikawa kero. Kwao, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawashikani hata mikono. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka. Namalwa alichepuka hata alipoiona baiskeli tupu ya Situma, mume wa bintiye, imeegemezwa ukutani.

Siku moja alikuwa akilichonga jiwe la kusagia wimbi ili lipate makali. Kijiwe kikaruka, kikazama ndani ya kope ya juu. Akapulizwa, akatiwa maziwa ya mama anyonyeshaye, wapi! Siku ya tano jicho lilifumbika kabisa, likawa linatoa usaha. Na tabibu wa karibu alikuwa mmoja tu, Situma.

"Heri chongo kuliko aibu," Namalwa alimwambia bintiye, Khaoya. Lakini moyoni aliogopa sana. Khaoya alikuwa na mimba ya kwanza, na Namalwa alitamani kumwona mjukuu vizuri.

Khaoya hakubishana naye. Alikwenda kumwita mumewe. Situma akaja na mkoba wake, akasimama nje, mgongo kaupa mlango.

"Mama, uso wako sitauona. Jifunike leso, Khaoya aikate tundu penye jicho. Mimi nitaona kope tu."

 Namalwa akamwambia bintiye, "Lete mkasi."

Akalala mkekani, kafunikwa gubigubi. Situma akamdunga sindano ya ganzi, akaipasua kope kidogo, akakinasa kijiwe kwa kibano. Hakikuzidi punje ya wimbi. Mkono wake wa pili ulikuwa umetulia juu ya leso, penye paji la uso. Mara akaona leso inalowa upande wa jicho zima.

"Unaumia, mama?"

"Siumii, mwanangu. Hakuna aliyenishika uso tangu mume wangu afe."

 Situma alimaliza kushona, lakini mkono hakuuondoa upesi.

Jicho lilipona. Ila wifi ya Namalwa alipopata habari, alikuja mbio kumkaripia: tangu lini mkwe akamshika mama mkwe uso?

Namalwa akamtazama kwa macho yote mawili.

"Kaa nikupe uji, wifi," alisema. "Jicho liumalo halina mkwe."