Kokwa Iliyoliwa na Mbuzi

Inasimuliwa, nami nawapa kama nilivyopewa, kwamba katika mji mdogo wa bondeni ulioitwa Sidri palikuwa na mja mwema jina lake Wasil bin Numayr, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kushona viriba vya ngozi vya kutekea maji. Hakuwa mwanachuoni mkubwa, wala kusoma hakukumjia vizuri, lakini watu walimjua kwa ucha-Mungu wake, na walikuwa wakisema kwamba dua ya Wasil haigongi mlango mara mbili.

Ikawa desturi ya watu wa Sidri, kila ukiandama mwezi wa Ramadhani, kumpelekea haja zao. Kwa kuwa hajui kuandika, kila mwenye haja alimletea kokwa moja ya tende, akamweleza shida yake, na Wasil akaiweka kokwa katika bakuli la mti. Jua likikaribia kuzama, tende na maji viko mbele yake, huziokota kokwa moja moja na kuomba: hii ya fulani mwenye deni, hii ya fulani mgonjwa wa macho. Huo ndio wakati ambao dua ya aliyefunga hairudishwi, na Wasil aliutumia wote kwa ajili ya watu. Watu nao, nikwambieni ukweli, walikuwa wamestarehe. Walikwisha kupeleka kokwa, kwa hiyo magharibi walishughulika na uji.

Siku ya kwanza ya mwezi alikuja mjane mmoja msuka mikeka, wakimwita Mama Unaysa. Miguu yake ilikuwa mibovu, alitembea kwa mkongojo. Kokwa yake aliifunga uzi mwekundu wa kushonea ukili wa mikeka ili isichanganyike na za wengine.

"Sheikh wangu," alisema, "sina mtoto mwingine ila Unaysa. Ameolewa Rahba, safari ya siku kumi, na miguu hii hainifikishi. Mimba tatu zimemharibikia, na ya mwisho nusura iende naye. Sasa ana ya nne, na atajifungua mwezi huu huu. Mimi sijui kuomba. Niahidi utamtaja kila siku."

"Kila siku, inshallah," akasema Wasil, na magharibi ile akamtaja Unaysa mpaka machozi yakamlenga.

Siku ya pili ile kokwa haikuwemo bakulini, na Wasil hakujua. Aliokota zilizokuwemo, akaomba, akafuturu. Ikawa hivyo siku ya tatu, na ya nne, na zilizofuata. Alikuwa ameliamini bakuli kuliko alivyouamini moyo wake, na bakuli halina kumbukumbu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Siku ya ishirini, baada ya swala ya alasiri, Mama Unaysa akaja akijikokota na kibakuli cha mchuzi wa dengu kwa ajili ya futari ya sheikh.

"Nimekuja kukushukuru," akasema. "Habari bado sijapata. Lakini kila moyo unapotaka kunipasuka, najiambia, nyamaza wewe, Wasil anamtaja Unaysa leo. Hilo ndilo linalonilaza usingizi. Bila ya hilo ningekuwa nimekwisha kuwa mwendawazimu."

Unaysa. Wasil alilisikia jina hilo kama mtu anayeitwa kutoka mbali, na jasho jembamba likamtoka. Alipokea kibakuli, akasema maneno mawili matatu ya kumuaga ambayo hata yeye hakuyasikia, na mama alipokwisha kuondoka akalimwaga bakuli lote mkekani. Akazigeuza kokwa moja moja. Yenye uzi mwekundu haikuwemo.

"Hunayda," alimwita mkewe, "hukuona kokwa yenye uzi mwekundu?"

"Niliiona," akasema mkewe. "Mwanzo mwanzo wa mwezi. Ilikuwa imeangukia kando ya bakuli, nikadhani ni mchezo wa watoto. Nikautoa uzi, nikailoweka pamoja na nyingine, nikawatwangia mbuzi."

Maskini Hunayda hakuwa na kosa. Katika nchi ya mitende kila mke mwema huwatwangia mbuzi kokwa, na kuzitupa ni ubadhirifu. Wasil aliketi palepale kwenye mkeka. Siku kumi na nane. Siku kumi na nane za mwezi mtukufu, magharibi kumi na nane, na yule binti huko Rahba labda alikuwa katika uchungu, labda alikuwa amekwisha kuzikwa, na mwenye ahadi yake alikuwa akimeza tende.

Siku ile alimwombea Unaysa kabla ya kila mtu, na baada ya kila mtu. Hakupata raha. Kesho yake akaomba tena, akaongeza rakaa, akajiambia kwamba amelipa yaliyompita, na moyo wake ukamuuliza: ikiwa binti alikufa siku ya saba, unamwombea nini siku ya ishirini na moja? Kiriba alichokuwa akikishona alikitoboa mahali pasipotakiwa, mara mbili, jambo ambalo halikumpata tangu ujana.

Akamwambia mkewe kwamba ataenda kumweleza mama wa watu ukweli.

"Utamuua," akasema Hunayda. "Umesikia mwenyewe, hilo ndilo linalomlaza usingizi. Muombee kuanzia sasa, na Mola anajua nia yako."

"Mola anajua," akasema Wasil. "Asiyejua ni yeye. Ameegemea ukuta ambao haupo, nami namtazama nimenyamaza."

Shetani hufungwa mwezi huu, lakini nafsi haifungwi, nayo huwapenda zaidi wenye jina jema. Ilimnong'oneza: watu wakisikia, nani atakuamini tena? Utawavunja moyo wote katika mwezi wa rehema. Wasil alikiri baadaye kwamba neno hilo lilimtamanisha, maana lilivaa kanzu nyeupe na kusema habari za rehema. Lakini aliiona hofu iliyokuwa chini yake, nayo ilikuwa hofu ya kuvunjiwa jina.

Siku ya ishirini na mbili, jua likiwa limeinama, akaenda. Mama Unaysa alikuwa amekaa kizingitini, maji na tende tatu mbele yake, akiielekea nyumba ya Wasil iliyo ng'ambo ya uwanja.

"Mama," akasema Wasil, "nilikuahidi kila siku. Nilimtaja Unaysa siku ya kwanza, kisha nikamsahau mpaka ulipokuja na mchuzi. Kokwa yako ililiwa na mbuzi, lakini aliyesahau ni mimi. Nisamehe, au usinisamehe, ila ujue."

Mikono ya mama, iliyozoea kusuka bila ya kutazama, ikaanza kutapatapa mapajani.

"Siku zote hizo," akasema, "mwanangu alikuwa peke yake? Hapana mtu aliyekuwa akimtaja? Nimekuamini, Wasil. Nimelala usingizi juu ya neno lako." Akalia kwa sauti ya kukaba, na Wasil akasimama akiyapokea maneno yale bila ya kujitetea, maana hakuwa na utetezi.

Alipotulia kidogo, Wasil akamuuliza, "Na wewe, mama, kila adhana ya magharibi ilipolia, ulikuwa ukifanya nini hapa?"

"Nini? Nilikuwa nikikaa. Nikitazama mlango wako, nikisema sasa anaomba."

"Na kisha?"

"Kisha nilikuwa nikisema maneno yangu tu. Si ya kuombea."

"Niambie."

Mama akaona haya. "Nilikuwa nikisema, Ee Mola wangu, Unaysa ni mwoga tangu utotoni, anaogopa kuachwa peke yake. Mimi siwezi kufika, Wewe uko kule. Mshike mkono. Basi. Kila siku hayo hayo, hata nilikuwa nikimwonea haya Mola kwa kurudia."

Wasil alikaa chini penye vumbi, mbele ya kizingiti.

"Kila siku?"

"Nitaachaje? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

"Mama," akasema Wasil, "hiyo ndiyo dua. Mimi sijapata kuomba hivyo katika maisha yangu."

Yeye hakukubali. Alisema hayo ni maneno ya mwanamke wa mikeka, hayana Kiarabu cha vitabu, hayana mwanzo wala mwisho. Wakati huo mwadhini akaanza. Wasil akamwambia, "Basi leo sema wewe, mimi niitikie." Akamsihi mpaka akainua mikono, na akayasema yale yale, akikatikakatika kwa kilio, na mja mwema wa Sidri akaitikia amin nyuma ya kila neno, kisha wakafuturu kwa zile tende tatu.

Hofu haikuondoka kwa hayo, msije mkadhani. Siku nne zilizofuata mama hakupata usingizi aliokuwa akiupata zamani, kwa kuwa lile neno lililokuwa likimlaza halikuwepo tena. Kila punda aliyeingia mjini alimfanya ashike kifua. Aliomba asubuhi, aliomba akisuka, aliomba akitafuta mkongojo, na kila magharibi Wasil alivuka uwanja kuja kuitikia.

Siku ya ishirini na sita ukaingia msafara kutoka Rahba, na kiongozi wake akauliza nyumba ya Mama Unaysa kabla hajawashusha ngamia mizigo. Mume wa Unaysa alikuwa amemtuma kusema kwamba Unaysa amejifungua binti, wote wazima. Mkunga alikuwa amekata tamaa, kisha mambo yakafunguka baada ya adhana ya magharibi.

"Siku gani?" akauliza mama.

"Siku ya kumi na mbili ya mwezi."

Habari ikaenea kama moto wa nyikani, na kabla ya alasiri kwisha watu walikuwa wamejaa kwa Wasil wakimpa mkono. Mmoja akasema, "Hatukusema sisi? Dua ya Wasil!" Wengine wakawa wamekwisha kuokota kokwa nyingine.

Wasil angeweza kuinamisha kichwa tu, kama wafanyavyo wanyenyekevu, na sifa zingemwangukia zenyewe. Akasimama mlangoni.

"Enyi watu," akasema, "siku ya kumi na mbili mimi sikumtaja Unaysa. Nilikuwa nimemsahau tangu siku ya pili, na kila haja niliyopewa nilikuwa nikiikumbuka kwa kokwa tu. Siku ile, katika mji huu mzima, aliyemwombea alikuwa mtu mmoja, na yeye alidhani hajui kuomba."

Watu wakageuka kuitazama ng'ambo ya uwanja. Mama Unaysa alikuwa kizingitini pake, hana habari nao, mikono yake imeinuka na midomo inakwenda.

Ndugu zangu, kuombeana ni wema, wala hakuna aliyekatazwa kumwambia mwenziwe aniombee. Lakini wewe uliyefunga tangu alfajiri, una haja ambayo unaijua wewe kuliko sheikh yeyote, na Mola anayekusikia hakuuliza kama unajua kupanga maneno. Magharibi ya leo bado haijaingia.