Alama ya Ukwato Kando ya Mlango

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wanaishi nyumba za udongo na pimbi wanafanya kazi ya uyaya... Mnacheka nini? Ndiyo, uyaya! Mnadhani watoto wa nyati walijilea wenyewe? Tulieni, nisije nikaimeza hadithi yangu nikalala zangu.

Basi palikuwa na Nyati mmoja, dume la nguvu, akikohoa majani yanapukutika. Mkewe alivuka mto kwenda kumuuguza mama yake. Huku nyuma mvua ikanyesha, mto ukafurika, mama wa watu akakwama ng'ambo. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi!

Nyumbani alibaki mtoto wao Kidawa, ndiyo kwanza anajifunza kusema. Kila siku alisimama kando ya mlango, chini ya alama ya ukwato. Maana desturi ya nyati ni hii: mama akimaliza kukandika nyumba, hugandamiza ukwato wake pale ukutani, watu wajue nyumba ina mwenyewe.

"Mama," anasema Kidawa, ananyoosha mguu.

"Usiguse!" Nyati anaunguruma. "Utaibomoa!"

Mtoto akaacha kula. Yaya wake, Bi Pimbi, akampelekea majani mabichi. Ptu! Akayatema. Akampelekea maboga. Ptu! Mbavu zikaanza kuonekana.

Alfajiri moja Bi Pimbi alitoka nje, akamkuta Nyati mwenyewe pale mlangoni. Pua ameigusisha kwenye ile alama, ananusa, machozi yanamtoka. Bi Pimbi akarudi ndani kimyakimya.

"Kumbe wagonjwa ni wawili," akajisemea.

Kulipokucha vizuri, akaanza vituko vyake.

"Baba Kidawa, umeuona ukuta wako? Nyufa tupu! Mama Kidawa akirudi akaukuta hivi, uso wako utauweka wapi?"

Nyati akashtuka. "Nitaukandika leo hii!"

"Kwa miguu hiyo? Thubutu! Udongo wa kukandikia hukandwa na mguu mdogo kuliko yote nyumbani. Ukikanyagwa na mguu mzito, ukuta unaanguka siku hiyohiyo. Kwani hujui?"

Sasa, kwa nyati kukandika ni kazi ya wake, na bwana yule hakuwahi hata kuchota udongo. Lakini dume zima likiri halijui? Wapi!

"Najua sana!" akasema. "Nilikuwa nakupima tu."

"Haya, lete udongo mwekundu, mchanga, majivu na maji. Kisha nenda malishoni, usitusumbue."

Nyati akabeba mizigo mpaka jasho likamtiririka, akaenda zake.

Kidawa akagusa udongo kwa ncha ya mguu. Baridi! Akarudi nyuma. Bi Pimbi hakumharakisha. Akamimina maji kwa kifuu, taratibu.

"Kanyaga, mwanangu."

Chwap! Kidawa akautazama mguu wake. Chwap, chwap! Akaingia mchangani, krr, krr, unamkwaruza. Akapiga majivu, puuu! Wote wawili wakawa weupe kama wameanguka kwenye gunia la unga.

"Tena!" akapiga kelele Kidawa, huku anacheka. Mwezi mzima hakuwa na neno jingine ila "mama".

Huko malishoni Nyati akamsimulia jirani yake, Bi Nyumbu, ujuzi wake wa kukandika. Bi Nyumbu akacheka mpaka akakaa chini.

"Nani kakudanganya? Mkeo anakanda kwa miguu yake yote minne!"

"Pimbi weee!" Gidi, gidi, gidi! Nyati huyoo, mbio nyumbani.

Akaukuta ukuta una madoa mekundu, meupe, na vijialama vya kwato kila mahali.

"Nimekudanganya, baba Kidawa," Bi Pimbi akasema. "Nikanyage ukitaka. Lakini kwanza tazama bakuli la mtoto."

Bakuli lilikuwa tupu. Kidawa, matope hadi masikioni, alikuwa anatafuna boga la mwisho.

Nyati akaitazama alama ya mkewe. Haikuguswa. Chini yake palikuwa na udongo mbichi uliopakwa vizuri, na chini kabisa ukwato mdogo umechapwa.

Kidawa akaonyesha juu. "Mama." Akaonyesha chini. "Mimi." Kisha akapagusa pale katikati, palipoachwa patupu. "Baba."

Nyati akainamisha kichwa hadi kwa mtoto.

"Na mimi nimemkumbuka mama yako," akasema. "Nimemkumbuka sana."

Akainua mguu wake mzito, akauweka pale polepole. Pwaa! Ukuta haukuanguka.

Siku ile mto ulikuwa bado umejaa, wanangu, sitawadanganya. Lakini jioni Kidawa alikula tena, na Nyati akaja kumuuliza Bi Pimbi, kwa aibu aibu, kama kesho kutakuwa na udongo.

Yangu nimeikandika, na ikaukie kwenu: mtoto mwenye majonzi mpe cha kushika, nawe ushike naye.