Kofia ya Bwana Sulisuli

Hapo zamani za kale, wanangu, samaki walipokuwa bado wanaalikana chai, maji ya bahari yalianza kuwa machachu. Likaundwa baraza la kuyachunguza. Mwenyekiti wake alikuwa Sulisuli, samaki mkubwa wa kilindini, mwenye pua ndefu na kiburi kirefu kuliko hiyo pua.

Lakini Sulisuli hakuwa na raha. Kila alikopita alisikia, "Muulizeni Bi Kaa, anayajua maji ya miambani."

Bi Kaa! Kile kidude kinachotembea upande! Kijicho kilimtafuna Sulisuli hata chai akaisusia.

Siku ya baraza, ngo ngo ngo! Bi Kaa huyo mlangoni.

"Hodi, Mwenyekiti! Naomba nafasi barazani. Magamba ya wanangu yamelainika kama mkate uliolowa."

"Hakuna nafasi! Tumeonja maji ya kilindini, hayana neno. Leo tunafunga uchunguzi. Nenda kalee wanao!"

Uchunguzi ukifungwa, wanawe watakwisha. Bi Kaa alitaka kulia, ila akacheka.

"Haya, baba. Basi kofia hii nampelekea mjumbe wako Nyangumi." Akatoa kombe kubwa la chaza, jeupe pe! "Ni heshima kutoka kwetu miambani. Atakayeivaa atatazamwa yeye tu."

Sulisuli akahisi moto kifuani. Nyangumi avae, yeye mwenyekiti akae kichwa wazi?

"Lete hapa!" Akalipokonya, akajivika.

Barazani akasimama, akakohoa, "Ndugu wajumbe, maji yetu ni sala..."

Kacha! Kombe likapasuka. Puu! Likamomonyoka, unga ukamjaa machoni. Wajumbe wakaangua kicheko, kwa kwa kwa!

Nyangumi hakucheka. Aligusa kipande kwa pezi, nacho kikavunjika.

"Kombe bovu namna hii limetoka wapi, Mwenyekiti?"

"Mi... miambani."

"Maji ya huko mliyaonja?"

"Hapana."

"Sasa tumuulize nani?"

Sulisuli akatazama chini. Jibu lilikuwa moja tu, na ndilo alilolichukia kuliko yote.

"Muulizeni Bi Kaa," akasema kwa sauti ndogo.

Bi Kaa, aliyekuwa akisubiri nje, akaingia upandeupande, akaketi kiti cha mbele. Uchunguzi ukaanza upya, safari hii kutoka mlangoni kwake.

Basi wanangu, mkitaka kujua maji yana nini, mwiteni kwanza anayeishi humo, hata kama mnamwonea kijicho.