Kiguzo cha Tanuru

Hapo zamani, na si zamani sana, vita vikuu vimekwisha na Waitalia wameanza kuzililia sanamu zisizofanana na kitu chochote, palikuwa na karakana ya ufinyanzi katika mji mmoja wa milimani. Mwenyewe alikuwa Mzee Guerrino, hana mke, hana mtoto. Wafanyakazi wake walikuwa watatu, na msiniulize nani kati yao alikuwa na akili.

Ersilia alifinyanga vyombo. Duilio alichochea tanuru. Nevio, yeye alikuwa msanii, maana alivaa skafu hata wakati wa jua kali.

Nevio alitengeneza sanamu ya kupeleka kwenye maonyesho makubwa. Ikapasuka motoni. Na kasha la kuisafirishia lilikwisha kuandikwa jina lake! Basi moto ulipopoa akaingiza mkono tanuruni, akang'oa kiguzo kimoja cha kushikilia rafu: udongo mnene uliochomwa hadi ukawa jiwe, umepinda, umegandiwa na matone ya rangi za vyungu vya watu. Akakitia kashani. Akakiita "Upweke Nambari Saba". Nambari moja hadi sita hakuna aliyeziona.

Majaji wakakizunguka. Wakashika videvu. Mmoja akatoa leso, akalia. Kikapewa medali ya kwanza.

Mzee Guerrino akatangaza: "Nimechoka. Aliyeitengeneza sanamu hii atarithi karakana. Wengine wawili watafute kazi kwingine." Na mjini hapakuwa na karakana nyingine.

Loh! Kiguzo kikapata wazazi watatu.

"Ni changu," akasema Ersilia. "Nilikifinyanga kwa mikono hii, miaka kumi na miwili iliyopita." Kweli. Alikifinyanga kwa makombo ya udongo huku akimteta jirani, wala hakukitazama mara mbili.

"Ni changu," akasema Duilio. "Wewe mama ulikifinyanga kimenyooka. Kilichokipinda ni moto wangu, kilichokipamba ni moto wangu." Kweli. Alikichoma mara mia, na kila mara alikitukana kwa kupinda.

"Ni changu," akasema Nevio, akirekebisha skafu. "Miaka yote mmekaa nacho, hamkukiona. Mimi nilikiona." Kweli. Alikiona alipokuwa akitafuta uongo wa kutosha kasha.

Wakiwa bado wanabishana, kishindo! Rafu iliyokosa kiguzo imeporomoka, na mitungi ya mafuta ya mji mzima imekuwa vigae. Nevio ndiye aliyekitoa. Duilio ndiye aliyepanga mitungi bila kukagua. Ersilia aliliona pengo, akanyamaza.

"Na hili ni la nani?" akauliza Mzee Guerrino.

Duilio akamtazama Nevio. Nevio akamtazama Ersilia. Ersilia akatazama ukuta. Kazi ya watatu hao, ghafla, haina mwenyewe.

Mzee bado yuko mlangoni, ufunguo mkononi. Nanyi mnaocheka, msinitazame mimi. Mmoja alikifinyanga bila kukijali, mmoja alikichoma huku akikitukana, mmoja alikithamini kwa sababu alitaka kudanganya. Ufunguo ni mmoja, na jioni hii wawili watatoka na mabegi yao.

Je, nani abaki?